Mkalimani wa Mama

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Naungama mapema ili msisumbuke kumtafuta miongoni mwa wengine, maana watakaotokea humu ni daktari, dada yangu Emérence, Clémence wa kwaya, na mama yetu, ambaye siku hiyo hakujua yuko nchi gani. Hata yeye alinishinda.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kliniki, kitenge cha Jumapili kichwani, miguu ikining'inia kidogo kama ya mtoto aliyealikwa mezani kwa wakubwa. Daktari alimwuliza tuko wapi. Mama akatazama dirishani, theluji ikianguka juu ya magari, akajibu kwa utulivu kwamba tuko Walungu, kwetu Kongo, tunamngoja sista atupe dawa ya minyoo.

Nikamgeukia daktari. "Anasema tuko kliniki, hapa Buffalo."

Tulikwenda pale kutafuta barua moja tu. Nyumba yetu ya North Buffalo tuliinunua kwa mishahara ya watu watatu, mama akihudumia wazee majumbani mwao, Emérence kiwandani, mimi ghalani. Tukaiandika kwa jina la mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyetutoa Kongo tukiwa hai. Kodi ambayo serikali huwatoza wenye nyumba ilipopanda, jirani akatuambia kwamba mwenye nyumba akiwa mzee, au akiwa na maradhi kama haya ya mama ya kusahau, ofisi ya kodi humpunguzia. Bila punguzo hilo tungeiuza na kurudi kwenye apatimenti. Na katika dunia nzima mama alikuwa amebakiwa na njia moja anayoijua: kutoka kitandani hadi chooni, kutoka chooni hadi jikoni, kiganja kikipapasa ukuta uleule. Kumhamisha ilikuwa sawa na kumfuta.

Punguzo la uzee tulilikosa, na hilo nalo ni langu. Kambini Uganda uvumi ulisema Amerika haichukui vikongwe. Nikamwambia mhojaji kwamba mama alizaliwa tarehe moja Januari, katika mwaka niliousogeza mbele kwa miaka kumi na miwili. Baadaye nilimtania sana: "Maman, kwa karatasi unanikaribia. Bado kidogo utaniita kaka." Alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ndivyo nilivyo. Maisha yamenizaba makofi ya kutosha, nami nimejifunza kuyatania kabla hayajainua mkono.

Ikabaki barua ya daktari. Kliniki ilikuwa na mkalimani wa kwenye skrini, bwana mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Nikamkataa. Nilisema mama haelewi Kiswahili cha vitabu, na kwamba hakuna anayemjua kama mimi.

Nadhani ningesema kweli kama mlango usingefunguliwa kabla ya swali la kwanza. Aliingia Clémence na mashine ya kupima presha. Sikujua anafanya kazi pale. Jumapili husimama safu ya mbele ya kwaya, na sasa alikuwa anamfunga mama mkanda mkononi, masikio yake hatua moja kutoka kinywani mwa mama. Ghafla nikamwona mama kwa macho ya kanisa zima. Kwetu mtu wa hivyo haitwi mgonjwa. Huitwa kichaa, na wanawe hutazamwa usoni kuona kama na wao wameanza.

Basi nikatafsiri. Mama aliposema ni mwaka wa mvua ya mawe, ile iliyolaza maharage, nilitaja mwaka tuliomo na mwezi nikauongezea. Daktari alikuwa amempa maneno matatu ayashike: kijiko, mlima, kiatu. Alipoyadai, mama aliniambia nikafunge mbuzi. Nikayataja yote matatu, kwa mpangilio.

Kisha daktari akaninyooshea kalamu, akauliza: na huyu ni nani?

Mama alinitazama kwa upendo ambao sijauona tena. "Ni Zenoni. Mudogo wangu."

Zenoni, mdogo wake, alizikwa kabla mimi sijaota meno.

"Ni mwanangu, Mugisho," nikatafsiri.

Mkanda wa presha ukashusha pumzi. Clémence akaufungua, akatazama viatu vyake, akatoka.

Barua ilisema kumbukumbu ni nzuri kwa mwanamke wa umri wake. Umri niliompa mimi. Ofisi ikakataa. Nyumbani nilimsema daktari yule kwa ufundi wote, nikaiga hata mwendo wake, na Emérence akacheka akishika ubavu. Jumamosi akaenda Grant Street kununua sombe, yale majani ya muhogo, na ndagaa, akakutana na Clémence dukani. Aliporudi hakunisalimu. Alimwaga ndagaa kwenye beseni akaanza kuwaosha mmoja mmoja. Hakuna mtu anayeosha ndagaa mmoja mmoja. Nikajua.

Leo barua ya pili, ile iliyokubaliwa, iko kwenye friji chini ya sumaku. Bwana wa skrini aliifanya kazi yake kwa dakika ishirini na sina la kusimulia juu yake. Ninachokumbuka ni gari, asubuhi hiyo ya kurudi kliniki, kabla hatujashuka.

"Bon, wewe utabaki humu," Emérence alisema. "Kutafsiri umeshatafsiri."

Nilijitetea. Nikasema nilikuwa namfunika mama, maana ni mtoto gani anayemvua mama yake nguo mbele za watu? Akaniuliza nilimfunika mama au nilijifunika mwenyewe. Nikasema yeye hakuwepo, hakuona Clémence alivyoangalia chini. Nikauliza: donc kanisa lote lijue? Akasema kanisa lote linajua tangu mama alipotoa sadaka mara tatu kwenye misa moja, nami nikaligeuza jambo hilo kichekesho. Tukapandishiana sauti mpaka vioo vikajaa ukungu.

Mama alikuwa kiti cha nyuma, akivaa glavu na kuivua. Tulidhani yuko Walungu.

"Kama muko munaona haya juu yangu," akasema, "munishushe hapa. Ntaenda na miguu."