Taa ya Oili kwenye Gari la Marehemu

Gari lilipoingia uani mwa karakana, fundi umeme hakuinua kichwa. Mlio wa injini ile aliujua kama alivyojua kikohozi cha wanawe. Lilikuwa gari la marehemu mumewe, na aliyeshika usukani ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyelichukua wiki ya tatu baada ya mazishi, mikoba ya shule ya watoto ikiwa bado kwenye kiti cha nyuma. Siku ile aliitupa mikoba barazani akasema, "Mwanamke gari la nini?" Mama mkwe alikuwepo. Akatazama pembeni.

Miaka miwili sasa fundi alikuwa akiwafuata wateja kwa miguu, sanduku la vifaa begani, na kinyongo chake alikilisha kila siku kikanenepa.

"Shemeji, habari za siku," mwanamume alisema, akijichekesha.

"Nzuri. Karibu."

"Hii taa nyekundu ya oili haizimiki. Mafundi watatu wamelitazama. Wamebadilisha oili, wamebadilisha swichi, wapi. Wanasema injini imekwisha."

"Ndiyo ukanikumbuka."

"Wewe si wa nyumbani?"

Fundi alisogea mbele ya gari. Alifungua boneti. Shemeji akasogea getini kuongea na simu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli kubwa. Fundi alichomoa waya wa swichi ya oili, akaenda kutazama dashibodi. Kama injini ndiyo inayolalamika, taa ilipaswa kuzimika. Haikuzimika. Akafunga geji yake ya kupimia presha ya oili mahali pa swichi, akawasha injini. Sindano ikapanda vizuri, ikatulia hapo. Injini ilikuwa nzima kabisa. Alipapasa waya ule nyuma ya betri, vidole vikakuta pale ulipochunika ukawa unagusa bodi ya gari. Hapo tu. Kazi ya dakika tano na kipande cha utepe.

Alifungua geji, akarudisha swichi na waya kama alivyovikuta, akapangusa mikono taratibu.

"Imekufa, siyo?" shemeji aliuliza aliporudi.

"Mafundi watatu wamesema imekufa. Mimi nani niwabishie?"

"Nilijua. Basi nalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma." Akatoa karatasi mfukoni. Kumbe ndilo hasa lililomleta. "Wanataka sahihi yako. Kadi bado ina jina la kaka, na wewe ndiye mjane."

"Siweki."

"Shemeji, usiwe mgumu."

"Nimekwambia siweki."

Alibembeleza, akamkumbusha undugu, akatishia kumpigia mama. Fundi alikuwa ameketi juu ya tairi, anamtazama tu. Mwisho mwanamume akapandwa na hasira, akatupa funguo juu ya boneti.

"Basi baki nalo kopo lako! Likuozee hapa."

"Sawa. Niandikie kwamba umelirudisha."

Aliandika kwa dharau, kalamu ikitoboa karatasi. Fundi wa rangi wa karakana jirani akaitwa, akatia sahihi kama shahidi. Fundi umeme aliikunja karatasi mara nne, akaisokomeza kifuani.

Kisha akachukua utepe. Aliinama juu ya injini, akauzungushia waya mara tatu, akaufunga mbali na bodi. Akaingia garini na kuwasha. Taa nyekundu iliwaka, ikazimika.

"Shemeji, njoo uone," alimwita kwa upole.

Mwanamume aliinamisha kichwa dirishani. Aliitazama dashibodi, akamtazama yeye, akaitazama tena dashibodi. Fundi wa rangi alishindwa kujizuia, akageukia ukuta mabega yakitikisika.

"Ulijua," shemeji alisema.

"Tangu ulipokuwa kwenye simu."

"Umeniibia."

"Nimekuibia gari la nani?"

Kwa sauti iliyokwishaporomoka, shemeji akaomba asogezwe hadi kituo cha basi, jua ni kali. Fundi alipandisha kioo taratibu, akimtazama usoni mpaka kioo kilipofika juu, akaondoka.

Kwenye kona alimwona kwenye kioo cha pembeni, bado amesimama. Wazo la kurudi lilimjia. Akaliacha lipite.

Hata hajafika nyumbani, simu ikaita. Mama mkwe. Alisimamisha gari kando ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Mwanangu amenieleza. Umemwaibisha mbele ya watu."

"Ndiyo, mama."

"Umekusudia?"

"Nimekusudia."

Fundi alisubiri matusi. Alikuwa na ya kujibu, ya miaka miwili.

"Siku ile alipolichukua, nilipaswa kusema neno," mama mkwe alisema hatimaye.

"Ulipaswa, mama," fundi akajibu, na hakuongeza la kumfariji. Alimuaga kwa heshima, akakata simu, akatia gia.