Alama ya Seva

Neno la siri lilipokataliwa mara ya tatu ndipo Ildephonse alipotoa karatasi mfukoni. Alama ya seva iliyoandikwa humo ilianza na 4b. Ya kwenye skrini, c7.

Eish! Akampigia Alexis, mwenye chumba kule Rosettenville ambamo seva ya chama chao iliwekwa.

"Umebadilisha seva?"

"Hapana. Kwani vipi?"

"Izime, ndugu yangu. Izime sasa hivi."

Vitufe vikasikika vikibonyezwa. Kisha Alexis akasema, "Nimeizima. Lakini mtu ameshaingia kwa neno lako la siri. Amebeba orodha yote."

Orodha ya Warundi wa chama chao, jamani: majina, na nyumba walizojificha tangu vurugu za kuwashambulia wageni, Mei mwaka huo wa 2008. Ildephonse ndiye aliyekuwa akiiandika, kutoka kwenye kompyuta za kukodi za mtaa wa Jules. Watu walimwita Injinia, naye, Mungu amsamehe, alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Kompyuta isiyoijua seva huuliza kwanza: alama yake ni hii, je, ndiyo yenyewe? Alexis alikuwa amemwandikia alama ya kweli kwenye karatasi ile, jozi kumi na sita za herufi na tarakimu. "Linganisha zote," alimwambia. "Tapeli anaweza kujifanya seva yetu, lakini alama hii hawezi kuiiga." Wiki mbili alilinganisha. Baadaye akawa anabonyeza "ndiyo" tu, kama mtu anayeitikia salamu. Mazoea yana taabu.

Akatoka kwenda kuwaonya waliomo kwenye orodha, akaanzia kwa Spéciose, mjane mwenye watoto watatu, pale Malvern. Njiani alishatunga uongo: wezi wamevunja chumba cha Alexis. Uongo mzuri, wenye miguu na mikono. Lakini mama wa watu alipomkaribisha kiti na kumwita Injinia, uso ukamwiva kwa haya, akasema yote.

"Na hiyo karatasi," Spéciose akauliza, "ulikuwa umeisahau nyumbani?"

"Hapana, mama. Ilikuwa mfukoni."

Alitamani atukanwe. Angetukanwa, angalau angejua pa kuyaweka macho yake.

Spéciose hakumtukana. Aliwaita watoto ndani, akawaambia wafungashe nguo zao, akapanda juu ya kiti, akaanza kulitoa pazia dirishani. Lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

"Shika huku," alisema.

Ildephonse akashika, wakalikunja pamoja bila kutazamana.