Tundu la Kiganjani

Karakana nzima ilimwita Sinema, na jina lilimkaa kama shati la kupimwa. Tangu anunue simu ya kupangusa hakuna asubuhi iliyopita bila yeye kutupia video kwenye kundi la mafundi. Leo ngazi zinazopanda bila kufika popote, kesho vidoa vinavyotembea huku vimesimama, keshokutwa mwigizaji wa jukwaani mwenye joho na taji, anachomwa kisu halafu anahutubia dakika nane nzima ndipo akubali kufa.

"Huyu sisi tungeshamzika na kurudi kazini," fundi wa vanishi aliwahi kuandika, na kundi likavunjika mbavu.

Wengi hawakuzitazama mpaka mwisho. Tuseme kweli, hata yeye mwenyewe hakuzitazama. Alikuwa mpishi asiyeonja chungu chake. Aliyezitazama zote ni binti yake, ambaye walifanya kazi pamoja kwenye msumeno wa meza. Baba alisukuma ubao upande huu, binti akaupokea upande wa pili, na kati yao lile duara la meno likizunguka na kupiga kelele. Walikuwa wamefanya hivyo miaka mitatu, na msimamizi alizoea kuwaambia wateja kwamba mbao za hao wawili hazihitaji randa.

Jumatatu moja Sinema alituma video ya mtu aliyekunja karatasi ikawa kama bomba. Mtu yule aliliweka bomba kwenye jicho la kulia, akasimamisha kiganja cha kushoto mbele ya jicho la pili, kikigusana na ubavu wa bomba, macho yote mawili wazi. Chini palikuwa na maneno: utaona tundu katikati ya mkono wako. Sinema aliongeza vikaragosi vitatu vya kucheka, akatia simu mfukoni na kuwasha msumeno.

Saa ya chai mafundi walikunja karatasi za msasa, kila mtu na bomba lake.

"Mama yangu! Mkono umetoboka!" fundi wa vanishi alipiga ukelele.

"Mimi naona mpaka mlangoni!" alidakia mwingine. "Sinema, wewe mchawi!"

Sinema naye alikunja lake. Kwa jicho la kulia aliona duara la mwanga na, ndani yake, kona ya kabati lisilo na milango. Basi. Alihamishia bomba jicho la kushoto, akasimamisha mkono wa kulia. Sasa aliona kiganja, kizima kabisa, na sugu zake zote. Alipofumba jicho la kulia, karakana ilizama kwenye ukungu wa kijivu.

Kwa miezi kadhaa alikuwa akilisingizia vumbi la mbao. Alilisugua jicho, akalinawisha, akailaumu feni. Chai iliyomwagika kando ya kikombe aliilaumu meza. Sasa alielewa kwamba jicho la kushoto halioni tena, na fundi wa msumeno mwenye jicho moja hajui ubao umebakisha kiasi gani kufika kwenye meno.

"Vipi, Sinema, umeliona?"

"Tundu kama la panya!" alisema kwa sauti kubwa. "Nimemwona na panya mwenyewe, anawasalimia."

Walicheka. Binti yake hakucheka. Alikuwa amelishusha bomba lake na kumtazama.

Mchana ule walipasua mbao za vitanda. "Hapo, baba," binti alisema kila ubao ulipokaribia meno, kama alivyokuwa akisema tangu mwaka jana. Sinema alikuwa ameuona kuwa utani wao wa kazini, kitu cha kuchangamsha mikono. Leo kila "hapo" ilimchoma. Alitaka kusema, akaona aibu. Miaka ishirini na saba kwenye msumeno, halafu upewe ufagio usukume maranda? Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na msimamizi aliyewasifu mbele ya wateja.

Jioni, nyumbani, binti alikuwa akimenya vitunguu, Sinema ameketi karibu na mlango. Mwanga wa dirishani uliangukia kovu la kidole gumba cha binti. Kidonda kile Sinema alikiona hapahapa jikoni jioni moja, kimeshafungwa kitambaa. Binti alisema ni kisu, tena kisu hikihiki. Baba alisogeza kichwa ili jicho zima lione vizuri. Kisu huacha mstari. Hili lilikuwa pana, lenye kingo za kuchanika, kama ufa ambao msumeno huacha kwenye ubao wa mkangazi. Alikuwa ameziona alama hizo maisha yake yote, kwenye mbao na kwenye mikono ya watu.

"Baba, mbona kimya? Leo hakuna mfalme wa kufa?"

"Betri imeisha," alijibu. Haikuwa imeisha. Aliogopa kuuliza kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Kesho yake hakutuma video. Alifika mapema, akangoja watu wakusanyike, akasimama mbele ya msumeno na kuvua miwani ya kazi.

"Jamani, jana nilidanganya. Sikuona tundu lolote. Jicho langu la kushoto limekufa."

Fundi wa vanishi akaangua kicheko.

"Anaanza! Ngoja, ngoja nirekodi. Rudia, Sinema! Weka mkono kifuani kama wale wa jukwaani!"

"Sifanyi mchezo. Sioni."

"Haoni!" walirudia wakipigana mabega. Alivyozidi kukaza uso ndivyo walivyozidi kufa kwa kicheko, maana hata mzaha wake wa kila siku aliufanya kwa uso uliokazwa. Dakika haikupita, simu zikaanza kulia mfukoni mwa kila mtu. Alikuwa ameingia kwenye kundi lake mwenyewe.

Msimamizi alitoka ofisini akiitazama video ile na kufuta machozi. "Sinema, utatuua. Haya, washa, kuna mbao kumi na mbili za mteja wa adhuhuri."

Binti alikuwa upande wa pili wa meza, mahali pake. Alitembea hadi ukutani, akashusha swichi kubwa. Feni zilisimama, randa ya umeme ikanyamaza, taa zikazimika. Kisha akainua kidole gumba juu, watu wote wakione.

"Hiki hakikukatwa na kisu," alisema.

Simu tu mkononi mwa msimamizi iliendelea kucheka, kicheko chao wenyewe, mpaka alipopata kitufe cha kuizima.

Sinema alizunguka meza. Ukipenda, chongo huita kengeza, na mtoto huyu alikuwa ameita hivyo kwa mwaka mzima, akilipa kwa nyama ya mkono wake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Uliusukuma ubao kabla sijatoa mkono, nikakificha kidole."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Wangekuondoa kwenye msumeno." Alipangusa vumbi la mbao mezani. "Nilidhani nikisema 'hapo' kwa nguvu, itatosha."

Sinema alimshika ule mkono. Alikitafuta kidole kwa vidole vyake, akalipapasa kovu kutoka mwanzo hadi mwisho, akalia mbele ya mafundi wote, na safari hii hakuna aliyetoa simu.