Unga Mgongoni mwa Suisui

Mu Chenggui alikuwa mvuta tambi, yaani alinyoosha donge la unga kwa mikono mpaka likawa nyuzi za kuuzwa kwa bakuli, na tangu mkewe afariki mikono yake ya unga ndiyo iliyosuka nywele za binti yao Suisui, kombo kila asubuhi.

Suisui alikuwa na miaka minane na kiti kilimchoma. Akipewa hesabu, alifanya mstari mmoja, kisha akamfuata nzi hadi dirishani. Darasa lenyewe lilijaa watoto kama njugu gandani, lakini kuna mkubwa aliyesema tuongeze vyumba? Thubutu! Walisema mtoto ndiye mwenye kasoro. Bibi yake mzaa mama naye akapiga simu kutoka mji wa Lanzhou.

"Chenggui, nakuja Qingming, siku ya makaburi, kusafisha kaburi la mwanangu. Nikimkuta mtoto bado anarukaruka, naondoka naye. Wewe lea tambi."

 Bila Suisui, nyumba ingebaki na meza, sufuria na picha ya marehemu.

Hospitali ilikuwa ikiwafundisha wazazi kuwachua watoto wasiotulia. Mkuu wa hospitali alikuja kupigwa picha, akaenda zake. Aliyebaki na wazazi ni muuguzi Ou na mdoli wa mpira. Alivuta ngozi ya mgongo wa mdoli kwa vidole, akaiviringisha taratibu kutoka kiunoni kupanda hadi shingoni.

"Polepole, Baba Suisui!" akapiga kelele zamu ya Chenggui ilipofika. "Huyo si donge, hakuna mteja anayesubiri bakuli!"

Nyumbani walianza kila jioni kabla ya chakula. Siku moja poda ya kulainishia vidole iliisha, na mvuta tambi akikosa poda hukimbilia wapi? Alichota unga. Suisui alikuwa ametoka kucheza, jasho linamtiririka, na punde mgongo wote ukawa uji wa unga unaonata.

"Baba, unanipika?"

"Nyamaza, nakosea njia."

"Basi nizidishie pilipili!"

Chenggui alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akamkwangua kwa maji ya moto na kitambaa.

Kutulia hakutulia sana. Ila akilala pale kifudifudi, mdomo ulifunguka. Alimsimulia baba mambo ambayo mwalimu hakuwahi kuyasikia: nani alilia, nani aliiba kifutio, na kwamba sauti ya mama imeanza kumpotea masikioni. Chenggui alijibu kwa kuiigiza sauti hiyo, vibaya, mpaka mtoto akamsahihisha.

Qingming ikafika. Walipotoka kaburini, Bibi alikaa kitandani, mkono kiunoni.

"Haya, mchue tuone huo uganga wenu."

Suisui akalala. Vidole vilikuwa havijafika katikati ya mgongo mbayuwayu akapita mlangoni, mtoto akachomoka mbio nyuma yake, tumbo wazi.

"Nimeona," alisema Bibi. "Funga nguo zake."

Chenggui alizoea kuwatupia wakubwa lawama zote, na siku hiyo hapakuwa na mkubwa hata mmoja wa kumrukia. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Mama, hatulii, sikudanganyi. Lakini hapa ndipo anapomzungumzia mama yake. Ukimpeleka Lanzhou, atamzungumzia kwa nani?"

 Bibi alijaribu kusimama, kiuno kikamkatalia, akaguna. Suisui, aliyekuwa anarudi, akamwona.

"Bibi, lala."

"Niache mimi."

"Lala! Na usitikisike. Ukitikisika naanza upya."

Alimpandisha blauzi, akashika ngozi ile legevu kwa vidole vidogo, akaanza kupanda. Bibi akashtuka kwa kutekenywa. Suisui akarudi kiunoni akaanza tena, ulimi nje pembeni mwa mdomo. Mbayuwayu alipita tena, hata mara mbili. Mtoto hakuinua kichwa mpaka vidole vilipogusa shingo.



"Chenggui," Bibi aliita, uso bado kwenye mto wa kulalia.

"Naam, Mama."

"Huyu ana vidole vya mama yake."

"Ndiyo, Mama."

"Nguo zake ziache kabatini." Akavuta kamasi. "Na wewe toka! Unanitazama nini nimelazwa kama kuku aliyenyonyolewa? Nenda kavute tambi, tuna njaa."