Mkono wa Mzee Clarrie

Ndege aliimba, na mkono wa Mzee Clarrie haukuinuka.

Hata leo, miaka imepita, wibili akiimba dirishani kwangu huacha ninachofanya nikaukumbuka mkono ule. Tulikuwa watu wanane wa kundi la kusikiliza ndege, kwenye njia nyembamba, katikati ya mikalitusi yenye magome meusi kama makaa, jua la Septemba ndiyo kwanza linagusa vilele. Wibili ni ndege mdogo kupita wote msituni kwetu. Alikuwa juu ya vichwa vyetu kabisa, akitoboa hewa kwa sauti nyembamba kama sindano. Wote tulimsikia. Mzee Clarrie Hobday, kiongozi wetu, akaendelea kutembea na fimbo yake.

Fimbo ile haikuwa ya kutembelea. Aliyeishika ndiye masikio ya kundi: akisikia ndege huinua mkono, wote tukasimama kimya, kisha akamtaja. Na desturi ilikuwako kabla sijazaliwa: siku ndege akiimba na mshika fimbo akampita bila kumsikia, fimbo inakwenda kwa mwingine. Hakuna kujitetea.

Mimi nilijua siri ya Mzee. Siku zote nilitembea nyuma ya mkewe, Bi Merle, kwa sababu hatua zake zilikuwa fupi kama zangu. Huko nyuma niliona vidole vyake vikishika shati la mumewe penye kiwiko. Akiimba ndege mwenye sauti ya juu, Bi Merle hufinya, kisha huinua macho kwenye tawi. Ndipo Mzee husimama. Vicheko vya ndege kukabura na kelele za kunguru alizisikia mwenyewe. Sauti nyembamba ndizo zilizomhama, moja baada ya nyingine. Nilinyamaza. Ya mtu na mkewe hayakunihusu.

Bi Merle tulimzika Julai, baridi ikiuma.

Asubuhi hiyo ya Septemba tulikutana kwenye geti la msitu, kila mmoja na kofia iliyochomekwa vijiti vya plastiki, maana majira ya machipuko yakifika magpai, ndege weusi wenye mabaka meupe, hulinda makinda yao kwa kudonoa vichwa vya watu. Des Pascoe, jirani yake Mzee na mtani wake, akamkagua juu mpaka chini.

"Clarrie, leo umekuwa nungunungu aliyekosa usingizi."

"Afadhali mimi. Wewe hata magpai anakuonea huruma."

"Fimbo hiyo leo naondoka nayo, mzee. Msumari wa kuitundikia nimeshaupigilia."

"Tundika kwanza suruali yako, inaanguka."

Tulicheka. Lakini niliuona mkono wa Mzee ukipapasa shati, pale pale penye kiwiko.

Sasa wibili akaimba mara ya pili. Kundi zima likapunguza mwendo. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilitaka kukohoa nimshtue. Des alikuwa nyuma ya Mzee tu. Fimbo aliyoitaka ilibaki umbali wa neno moja.

Des akajikwaa.

Njia ilikuwa sawa kama meza, hapana jiwe wala mzizi, lakini alijikwaa, akalidaka shati la Mzee penye kiwiko, akabaki amelishika, macho yake yako kileleni. Mzee akasimama. Akayafuata macho yale mpaka kwenye majani yaliyotikisika bila upepo. Mkono wake ukapanda polepole.

"Wibili," akasema.

"Ndiye. Nusura nikuangushe, mzee."

"Una miguu ya ng'ombe, wewe."

Watu wakacheka, cheko la kushusha pumzi. Tukaendelea, na Des hakurudi nyuma. Muda wote ule nilidhani najua peke yangu; kumbe sivyo.

Mbele kidogo, kichakani, sauti nyingine nyembamba ikaanza. Nikaona vidole vinene vya Des vikikaza kwenye kiwiko.

"Taratibu, Des," Mzee Clarrie akanong'ona bila kugeuka. "Merle hakuwa akifinya hivyo."

"Mimi si Merle."

"Hilo nalijua."

Akainua mkono. Sote tukasimama kimya.