Nguzo Mbili za Kutembea

"Haya, kimbia," nikasema, na dada yangu Mwanamkasi akaondoka kwenye nguzo ya nne ya umeme, mkono mmoja umeshika ncha ya kanga. Kutoka nguzo hadi nguzo ni hatua hamsini na tano. Nilizipima mwenyewe jana yake. Alipaswa kukimbia nguzo moja, atembee mbili, kisha akimbie tena, mpaka zitimie mbio nane. Hii ilikuwa ya pili tu. Alipofika nguzo ya tano aliikumbatia kama ndugu aliyepotea miaka mingi.

"Haji," akasema, akitafuta pumzi, "hizi nguzo nani kazipanda mbali hivi?"

"Haziko mbali, dada. Tembea mbili sasa, usisimame."

Ilikuwa baada ya swala ya alfajiri, kule mwisho wa Makorora, na barabara ilikuwa na watu wachache. Muuza mikate akatupita na baiskeli yake. Alipomtambua dada alipiga kengele.

"Bi mkubwa! Mwizi kapita wapi?"

"Mwizi ni weye," dada akamjibu. "Unaniibia pumzi kwa kunichekesha."

Siku ile alikimbia mara tatu. Mara tano zilizobaki alizitembea. Mimi mwenyewe sikujua kama ni nyingi au chache.

Mwanamkasi alikuwa askari wa getini katika kiwanda kimoja cha pale Tanga kwa miaka kumi na minne. Kazi yake ilikuwa kuwapekua wafanyakazi wanawake wakati wa kutoka. Alipoanza, mwaka themanini na mbili, alikuwa mwembamba kama sisi sote. Ilikuwa miaka ya foleni, unga wa njano, na sabuni ya kukatiwa kipande. Baadaye maduka yakajaa tena, mafuta ya kupikia yakaja kwa madumu, na yeye akawa amekaa kwenye kigoda kile kile, na mama wa vitumbua amekaa hatua tano kutoka kwake. Mwili ukaja polepole, bila kubisha hodi.

Mwaka wa tisini na sita kiwanda kilipata tajiri mpya. Akabandika tangazo: walinzi wote, wanaume kwa wanawake, baada ya wiki kumi watakimbia mizunguko mitano ya uwanja wa mpira kwa dakika zisizozidi kumi na tatu. Atakayeshindwa atapewa haki zake aende nyumbani. Walinzi walikuwa tisa, na mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Jioni ya tangazo alikuja dukani kwangu Ngamiani, ninakotengeneza saa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa.

"Miye kwenda nyumbani siogopi," akasema. "Nitakaanga samaki, nitaishi. Lakini nikiondoka, wale wanawake atawapekua nani? Shekhe?"

Shekhe alikuwa mlinzi mwenzake, na mikono yake ilikuwa na sifa mbaya kiwanda kizima. Wasichana walikuwa wakipanga foleni upande wa dada hata kama ni mvua.

Mimi michezo sikuijua. Lakini kwenye meza yangu palikuwa na saa ya kupimia mbio ya Mwalimu Noa, Mbondei mmoja aliyefundisha riadha sekondari, na alipokuja kuichukua nilimuuliza. Alinieleza taratibu, akichora kwa kidole juu ya kioo cha kabati.

"Usimkimbize mwendo mmoja, atakata tamaa. Mkimbize kidogo kwa nguvu, kisha atembee mpaka pumzi irudi, kisha tena. Wiki hii nguzo moja kwa mbili za kutembea. Akizoea, nguzo moja kwa moja ya kutembea. Moyo unajifunza kule kwenye kurudi kwa pumzi. Na tumbo nalo lipate masaa ya kukaa bila kitu, siku mbili kwa wiki."

Nilipomfikishia dada, alicheka. "Hilo la tumbo ndilo analonifundisha? Mie Jumatatu na Alhamisi nimekuta mama akifunga. Nitafunga sunna yangu kama yeye."

Mwalimu aliniachia saa ile kwa wiki kumi. Nami nikaenda kumuomba Massoud, Mpemba mwenye ghala la mbata, nazi za kukausha, kule Chumbageni, atupimie uzito kila Jumamosi, kwa kuwa mizani yake ya magunia niliitengeneza mimi na niliiamini. Mara ya kwanza dada alikuwa kilo tisini na sita.

"Gunia zuri," Massoud akasema. "Halijatobolewa na panya."

"Soma namba, Massoud, uache maneno."

Kwa wiki tatu hakukosa asubuhi hata moja. Alianza na mbio tatu, wiki ya pili akafika sita, na Ijumaa ya wiki ya tatu alimaliza nane zote, akakaa chini kwenye majani akalia kidogo, kisha akafuta uso akaenda kazini. Alifunga Jumatatu, akafunga Alhamisi. Jumamosi mbili za kwanza mizani haikusogea, lakini ya tatu tukaenda kwa Massoud tukiwa na furaha, akapanda mizani. Massoud alisogeza chuma cha mizani, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Tisini na saba na nusu."

Nikakagua mizani, nikaweka jiwe la kilo tano, likasoma tano. Haikuwa na kosa.

Massoud akajikuna kidevu. "Sikiliza, bibi. Miye kazi yangu ni mbata. Mbata mtu akiianika, uzito hushuka. Ikipanda baada ya kuanikwa, siilaumu mizani, namuuliza mwenyewe: nani kainyeshea? Sasa nakuuliza weye. Nani anakunyeshea?"

Tulitembea mpaka karibu na soko. Kisha nikamuuliza kama ninavyomuuliza mwenye saa: ilianza lini, uliiweka wapi, nani aliishika. "Alhamisi ulikula nini?"

"Sikula. Nilifunga."

"Baada ya magharibi."

Akafikiri. Tende na maji. Halafu mhogo wa nazi aliouleta jirani yake Kijakazi. Na tambi za kina Zuwena. Kulikuwa na mbaazi pia, na mikate ya kumimina, na nani yule wa nyumba ya kona, alileta magimbi. Kisha akaamka kula daku, wali na maharage, ili mchana asiishiwe nguvu.

"Dada, hiyo ni Ramadhani nzima."

"Wanaleta, Haji. Nitafanyaje?"

Ndipo nikaelewa. Alikuwa amekataa chai nyumbani kwa Kijakazi Jumatatu ya kwanza, na kabla ya adhuhuri mtaa wote ulikuwa umejua kwamba Mwanamkasi ameweka nadhiri kwa ajili ya kazi yake. Nani atakubali jirani afunge nadhiri na afuturu peke yake? Kila nyumba ilitaka thawabu ya kumfuturisha. Na yeye, kwa adabu aliyolelewa nayo, hakuweza kurudisha sahani bila kuionja, na kuonja kwake hakukuishia kwenye kuonja.

Nilimshauri tumtume mtu akazungumze na majirani kwa mafumbo. Alikataa. Jumapili jioni alivaa baibui, akaniambia nimsindikize, tukasimama mlangoni kwa Kijakazi.

"Kijakazi, sahani zako zitanifukuzisha kazi."

Kijakazi aliacha kupeta mchele. "Zina sumu?"

"Zina nazi."

Akamweleza yote: tajiri, mizunguko mitano, kilo moja na nusu iliyoongezeka. Kijakazi alisikiliza uso umekaza.

"Kwa hiyo hufungi kwa ajili ya Mungu. Unafunga kwa ajili ya tajiri."

Nilidhani mambo yameharibika. Dada akamjibu. "Nia yangu ya alfajiri ni sunna, na Mungu anaijua. Mwili ukipungua, hiyo ni ziada yake Yeye, sitamrudishia. Lakini nikiifanya saumu kuwa karamu, basi sijafunga wala sijapungua. Nimebadilisha saa za kula tu."

"Na thawabu zangu?"

"Hata kwa tende moja unazipata."

Kijakazi alirudisha ungo mapajani, akapeta mara mbili tatu. "Ungeniambia tangu mwanzo, mwanamke weye. Nazi zenyewe zimepanda bei."

Jumatatu, baada ya magharibi, ilikuja sahani moja tu, imefunikwa kawa. Ndani mlikuwa na tende tatu, kipande cha changu wa kuchoma na mchicha. Nyumba nyingine hazikuleta kitu. Kijakazi alikuwa amezipitia zote, akisema nadhiri hii ina masharti. Dada alitaka kumsahihisha. Nikamwomba aliache, maana masharti kweli yalikuwepo. Daku ikawa uji na yai moja.

Toka hapo mizani ikaanza kushuka. Haikushuka kwa haraka: nusu kilo, kilo, wiki moja haikusogea kabisa. Wiki ya sita alikuwa tisini na tano na nusu, nasi tukahamia uwanjani kwa mbio ndefu zaidi: nusu ya mzunguko kwa nguvu, nusu kwa kutembea. Nimetengeneza saa miaka ishirini na nimeona mashine nyingi zikirudia jambo lile lile bila kuchoka. Mtu akirudia jambo linalomuumiza, kila asubuhi, na magoti yamefungwa kitambaa, ni kitu kingine, na sijui jina lake. Siku za saumu alikimbia kabla jua halijachomoza, mbio nne tu kama Mwalimu Noa alivyoagiza, kisha akasimama getini mpaka jioni bila tone la maji. Kigoda alikuwa amekitoa. Alisema kilikuwa kinamkumbusha vitumbua.

Wasichana wa kiwandani wakajua. Baadhi wakaanza kupita uwanjani kabla ya zamu, wakasimama pembeni na vikapu vyao.

"Dada Mwana, inua miguu! Shekhe anatungoja!"

"Akae hapo hapo," alijibu akipita, na safari hii alikuwa na pumzi ya kujibu na kubaki nayo.

Jumamosi ya wiki ya tisa alikuwa kilo tisini na tatu na nusu. Tukapima mizunguko mitano kamili. Wiki ya sita ilikuwa imemchukua dakika kumi na saba. Nilibonyeza saa alipopita goli, nikaitazama mara mbili kabla ya kumwonyesha: kumi na tatu na sekunde kumi na moja.

"Kumi na moja," akasema. "Mtu anaweza kufukuzwa kwa sekunde kumi na moja?"

"Anaweza."

"Basi niambie zimejificha wapi."

Niliulizwa swali kama hilo mara nyingi na wenye saa zinazochelewa, na jibu ni kufungua na kutazama. Nilikuwa nimeandika muda wa kila mzunguko. Wa kwanza aliukimbia kwa kasi mno, kwenye wa nne akailipia kasi hiyo. Mwalimu Noa alikuja Jumapili, akaitazama karatasi yangu, akaagiza mizunguko minane, mmoja mmoja, yote kwa muda ule ule, si pungufu si zaidi, na mapumziko ya kutembea katikati. Mguu ujifunze mwendo wake wenyewe.

Jumanne tulianza mapema. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Mzunguko wa kwanza alifika mapema mno, nikamwambia. Wa pili akachelewa. Wa tatu ukawa sawasawa, wa nne sawasawa, wa tano ukatofautiana kwa sekunde moja. Aliposimama baada ya wa sita, uso unang'aa kwa jasho, aliniuliza kwa jicho, nikamwitikia kwa kichwa.

Ndipo king'ora cha kiwanda kikalia, kile cha nusu saa kabla ya zamu. Wasichana waliokuwa pembeni wakajitwisha vikapu.

"Miwili bado," akasema.

"Ukiikimbia utachelewa getini, na wanaotoka zamu watapekuliwa na Shekhe."

Alitazama uwanja, akatazama barabara walikoelekea wale wasichana. Akafungua kitambaa cha goti, akajifunga kanga vizuri, akachukua shati lake la kaki kwenye matawi ya mchongoma.

"Nitaikimbia kesho, kabla ya mingine," akasema, akaanza kutembea kwa haraka kuwafuata.