Karatasi ya Tano

Saa tatu na dakika kumi asubuhi karatasi ya tano ilikuwa bado ndani ya jalada. Mpiga chapa alizihesabu mwenyewe: karatasi kumi na moja, herufi kubwa, mistari minane kila moja, kwa kuwa jicho la kushoto la Rais lilikuwa halioni tena na la kulia lilikuwa mbioni kulifuata. Ya tano Rais aliiandika kwa mkono wake, akampa aipige chapa bila maelezo. Ilisema hatagombea tena, na ataondoka muhula ukiisha.

Watu walimwita Mzee Futi. Kabla ya siasa alikuwa mpima ardhi, miaka kumi na minne ya kutembea porini na mnyororo wa kupimia. Aliongoza mgomo wa wapimaji, akafungwa miaka miwili, akatoka, akachaguliwa mbunge, kisha akawa waziri, kisha rais. Urais ulikuwa umefika mwaka wa ishirini na mbili. Katika mwaka wake wa kwanza wa uwaziri, akifungua soko, alitoka nje ya karatasi na kuwatania wachuuzi wa barabarani kwamba siku zao zinahesabika. Polisi waliuchukua utani ule kama amri. Kufikia jioni watu wawili walikuwa wamekufa. Tangu siku hiyo hakutamka jukwaani neno lisiloandikwa, hata salamu.

Saa tatu na robo aliingia mkuu wa ofisi yake, ambaye pia alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Alikuwa ameshaisoma hotuba. Mke wa Rais alikuwepo, ameketi kwenye kochi, viatu amevivua kwa sababu miguu ilimvimba. Akamwambia kaka yake amwache mumewe apumzike, kwani amechoka mpaka kwenye kucha.

“Nani hajachoka, dada?” akajibu. “Mimi nimechoka tangu muhula wa pili.”

Rais alitabasamu kidogo. Shemeji akamgeukia.

“Shemeji, ukishuka wewe, sisi tuliopanda mgongoni mwako tutashukia wapi?”

“Shukeni taratibu,” Rais alisema. “Mna miezi minane.”

Hawakubishana zaidi. Kwa utaratibu wa ofisi, jalada la hotuba hubebwa na mkuu wa ofisi tangu mezani mpaka jukwaani, na hivyo ndivyo lilivyobebwa siku hiyo. Safari ya gari mpaka bungeni ilichukua dakika nane.

Saa nne kamili Rais alianza kusoma, redio ikirusha moja kwa moja. Alisoma karatasi ya kwanza hadi ya nne: barabara, mabomba ya maji, upungufu wa madawati. Wabunge wa nyuma walisinzia kama kawaida. Alipofunua iliyofuata, pembeni juu paliandikwa sita. Akanyamaza.

Shemeji, kiti cha mbele, hakushtuka. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu asiyesema nje ya karatasi atasoma karatasi iliyopo. Dakika ilipopita akapanda na glasi ya maji.

“Endelea tu, shemeji. Ya sita hiyo.”

Rais alifunika kipaza sauti kwa kiganja. “Ya tano.”

“Haipo.”

“Basi nasubiri.”

Kwenye kazi ya mnyororo hakuna anayekwenda kigingi cha sita kabla ya kukipata cha tano. Ukiruka kimoja, shamba zima umelikosea. Kwa miaka ishirini na mbili hakuna karatasi iliyowahi kurukwa, kwa hiyo hakuna aliyejua Rais angefanya nini.

Dakika ya tatu mbunge mmoja wa upinzani alimnong'oneza jirani yake kwamba Futi imekwama kwenye inchi, na safu nzima ikacheka. Dakika ya tano hakuna aliyecheka. Rais alisimama wima, mikono juu ya jalada, akiangalia mbele kama mtu aliye kwenye foleni ndefu. Mkewe, kwenye roshani ya wageni, hakusogea. Dakika ya saba fundi wa redio alituma kikaratasi kuuliza kama akate matangazo. Mwenye uwezo wa kujibu alikuwa shemeji peke yake, naye hakujibu. Dakika ya tisa mkuu wa walinzi aliingia, akainama sikioni mwa shemeji.

“Mkuu, watu wanajaa getini. Wanasema Mzee kafia jukwaani.”

Shemeji alitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti karatasi iliyokunjwa mara nne. Akapanda tena, akaiweka juu ya jalada, akarudi kuketi.

Rais aliikunjua, akainyoosha kwa kiganja, akaisoma kwa sauti ileile aliyosomea mabomba. Ilichukua sekunde arobaini. Hakuna aliyepiga makofi. Wale ambao kazi yao ni kuyaanzisha walimtazama shemeji, naye alikuwa anatazama sakafu. Rais akafunua ya sita, iliyohusu bei ya mbolea, akaendelea.

Saa nne na dakika kumi na nane alimaliza karatasi ya kumi na moja. Alifunga jalada, akalibeba mwenyewe, akashuka.